Shebwana Anywa Ada ya Afya

Hapo zamani, watawala walipokuwa bado hawajajua njia nyingi za kumkamua mtu, palikuwa na mji uitwao Shungi, na mtawala wake alikuwa Sultani Badi. Sultani huyo hakuwa mwovu. Alikuwa mchoyo tu, tena mchoyo mwenye huruma, na huyo ndiye mbaya zaidi, maana huchukua chako na bado hutaka umshukuru. Basi siku moja huruma ikamshika, akatoa amri kwamba kila mwenye nyumba apeleke pishi moja ya mtama kila mwezi ghalani kwa tabibu wa jumba, nayo iitwe ada ya afya. Naye akiugua, tabibu atamtibu bure. Watu wakashangilia. Walipokwisha kushangilia wakasomewa amri iliyobaki: magonjwa tisa ya kwanza katika mwaka mtu atajitibu mwenyewe kwa mali yake, ugonjwa wa kumi ndio wa Sultani.

Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, ikaamriwa kila mlipaji aje na sahani yake nyeupe, aandikiwe stakabadhi humo. Karani wa ada alikuwa Mwalimu Sagafu, mzee ambaye umri wake wote aliishi kwa kuandika kombe, ile dua iandikwayo sahanini kwa wino wa zafarani, ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Mazoea yana taabu. Mwalimu Sagafu akaziandika stakabadhi kwa zafarani ile ile, na kila moja akaitangulizia maneno, "Mola amponye mwenye sahani hii," ndipo akaandika pishi na mwezi. Ikawa mwaka ukiisha kila nyumba ina sahani kumi na mbili zisizoguswa, na wenyewe wanakula juu ya majani ya mgomba.

Katika mji huo aliishi fukara mmoja, jina lake Shebwana, mshona viraka, aliyejaliwa ulimi kuliko mali. Mali yake ilikuwa mbuzi mmoja wa maziwa. Mkewe Mwanasiti alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma, homa ikamkausha maziwa, na kitoto chao Mize kikawa kinaishi kwa mbuzi yule. Mwaka huo Shebwana alivuna pishi ishirini na nne za mtama, na kumi na mbili kati ya hizo zilikwenda kwenye ada.

Wala usidhani hakuugua. Aliugua homa mara mbili, akaugua jipu, macho, upele, na tumbo mara tatu. Kila mara akienda kwa tabibu, tabibu hufungua daftari, akapitisha kidole, akamwambia huo ni wa tatu, au huo ni wa tano, nenda kajitibu. Alipokwenda na jino, tabibu alikataa hata kulihesabu, akasema jino si ugonjwa, jino ni mfupa. Mwaka ulipokaribia kwisha Shebwana alikuwa amefikisha magonjwa manane, na amechoka kuliko mtu aliyeugua ishirini.

Basi ukafika msimu wa kodi, siku chache kabla ya mwaka kugeuka. Sheria ya kodi ya Shungi ilisema hivi: aliyevuna zaidi ya pishi kumi na mbili ni tajiri, naye atatoa mbuzi, lakini kilichotumika kwa dawa kitolewe kwanza katika mavuno, ndipo hesabu ipigwe. Shebwana akafurahi, akaona pishi za ada zikitolewa zitabaki kumi na mbili kamili, na mbuzi wake atasalimika. Akabeba sahani zake kwa Mwalimu Sagafu. Mwalimu akajikuna, akasema jambo hili limemzidi kimo, akampeleka barazani.

Sultani alisikiliza huku akila tende. Akasema, "Ada si dawa. Dawa hunywewa, ikamponya mtu. Nionyeshe mtu aliyeinywa ada akapona, nami nitaitoa katika hesabu yako. La sivyo, Ijumaa mlete mbuzi."

Baraza zima likacheka, kwa kuwa tende zilikuwa za Sultani. Shebwana akainama, akaomba jambo moja tu, kwamba maneno hayo yaandikwe daftarini kama yalivyotoka. Yakaandikwa.

Aliporudi nyumbani akamkuta mkewe amekwisha kusikia, maana habari mbaya haina mguu mbovu. Mwanasiti hakulia. Alimfunika mtoto, akasema, "Baba Mize, mbuzi akienda, mtoto huyu atakunywa nini? Nambie sasa hivi, maana mimi naogopa."

"Atakunywa maziwa," akajibu Shebwana. "Wa kunywa sahani ni mimi."

Ijumaa asubuhi akala makopa makavu ya muhogo kwa pilipili, bila tone la maji, akayameza kwa pupa mpaka kwikwi ikamshika barabara. Kisha akajitwika sahani zake kumi na mbili, akachukua gudulia la maji, na Mwanasiti akamfuata na mtoto mgongoni, akimkokota mbuzi. Wakaingia barazani. Kila hatua mbili Shebwana anaruka kwa kwikwi, na sahani zinalia kichwani.

Sultani akauliza hiki ni kioja gani. Shebwana akaeleza, kwa vipande vipande, kwamba amepatwa na ugonjwa wa tisa, naye ni raia mtiifu, amekuja kujitibu mwenyewe kama amri isemavyo. Tabibu akafungua daftari, akakuta manane kweli. Akafikiri sana kama kwikwi ni ugonjwa. Mwishowe akatamka kwamba, kwa kuwa haiko menoni, ni ugonjwa, akauandika.

Basi Shebwana akaketi chini, akamimina maji katika sahani ya kwanza, akaosha zafarani kwa kidole, akanywa. Akaosha ya pili, akanywa. Mwalimu Sagafu akazitazama stakabadhi zake za mwaka mzima zikishuka kooni mwa mtu, asijue azuie au aitikie amina. Kwenye sahani ya saba kwikwi ikakoma. Shebwana akaendelea mpaka ya kumi na mbili, akisema dawa haikatizwi. Akazipanga sahani, nyeupe tupu, mbele ya kiti cha enzi.

"Bwana wangu," akasema, "nimeinywa ada, nami nimepona. Mashahidi ndio hawa."

Sultani akasema, "Kilichokuponya ni maji. Tena sasa huna stakabadhi hata moja. Nitajuaje kwamba ulilipa?"

"Kama zile zilikuwa stakabadhi, nimezinywa zikaniponya, na amri yako iko daftarini. Na kama hazikuwa stakabadhi, basi mimi sikulipa chochote mwaka huu, na pishi kumi na mbili zilizo ghalani kwa tabibu ni mtama wangu niliousahau kwako. Bwana wangu achague, mimi nitapokea lolote." Akajishika tumbo, akakunja uso. "Ila achague upesi. Zafarani ya mwaka mzima ni nyingi, na naona ugonjwa wa kumi unakuja, na huo ni wako."

Sultani alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akacheka. Akacheka akamwaga tende, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia puani, na baraza likacheka naye, safari hii bila kuangalia tende. Halafu kicheko kikamkwama, na katikati ya kimya watu wakasikia Sultani wa Shungi akipiga kwikwi. Akapiga ya pili. Ya kumi ikamrusha kitini. Akamwashiria tabibu afanye hima.

Tabibu, mtu wa mazoea, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Huo ni wa kwanza, Bwana wangu," akasema. "Bado manane ya kujitibu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sultani akamtazama tabibu, akamtazama Mwanasiti aliyeishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, na uso ukamwiva kwa haya. Ndipo, kati ya kwikwi na kwikwi, akatamka kwamba ada imefutwa, wenyewe warudishiwe mtama, na mbuzi wa Shebwana asiguswe na mkono wa mtu. Mwalimu Sagafu akayaandika yote. Alipotia nukta ya mwisho, tabibu akampa Sultani maji.

Mimi mzigo wangu nautua hapa, anayeutaka aubebe.