Tano ya Likwaya

"Tano ya jirani huulizwa, haiinuliwi panga." Mmeisikia leo kisimani, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza ni tano gani hiyo. Vizuri mmeuliza. Kaeni, na huyo mdogo mpisheni kwenye mkeka, miguu yake imelowa. Methali hii ilianza hivi.

Juu kwenye uwanda wa Makonde palikuwa na vijiji viwili, Nambunda na Likwaya. Kati yao palikuwa na bonde moja tu. Ukipiga yowe huku, kule wanaitika. Watu wake walioana, walizikana, na walikula chakula kimoja, muhogo. Kisha batobato, ugonjwa wa muhogo, ikaingia mashambani. Majani yakajikunja na kuota mabaka ya njano, mizizi ikawa myembamba kama vidole vya mgonjwa. Kwa miaka miwili watu walichimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini, hata ming'oko nayo ikaanza kuwa ya kutafutwa mbali.

Ndipo akaja mtafiti mmoja, Bi. Nuruana, na aina kumi za muhogo. Alitaka kujua ipi itastahimili ugonjwa. Kila kijiji kilipanda zile zile kumi, kila aina kwenye kitalu chake chenye kibati cha jina. Kila wiki mtu mmoja alipaswa kupita, kutazama mimea, na kuandika daftarini hali ya kila kitalu kwa namba, kuanzia moja hadi tano.

Huko Nambunda kazi hiyo alipewa Somoe, mjane aliyesoma hadi darasa la nne. Walimchagua kwa kuwa hakuwa na haraka, na hakuweza kuandika asichokiona. Huko Likwaya alipewa Mwalimu Chitanda, aliyekuwa amestaafu baada ya kufundisha miaka mingi. Wawili hawa walikuwa wakwe. Asumini, binti wa pekee wa Somoe, aliolewa na mtoto wa Mwalimu, na mjukuu wao wa mwisho nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kwa lishe duni.

Msimu ukaisha. Bi. Nuruana akakusanya madaftari, akafanya kazi yake, akaja Nambunda kusoma majibu mbele ya watu.

"Nambunda, aina bora ni Cheupe. Mtakata pingili zake mpande. Mkia wa Mbega ing'olewe na kuchomwa, imeugua sana. Likwaya imekuwa kinyume. Kesho asubuhi wataing'oa Cheupe, na trekta litagawa Mkia wa Mbega kwa nyumba arobaini."

Watu walipiga makofi. Somoe hakupiga. Mikono yake ilibaki mapajani. Cheupe aliyoitazama yeye wiki baada ya wiki ilikuwa na majani mapana, ya kijani, yasiyo na doa. Ingewezekanaje ng'ambo ya bonde iwe imeoza?

Mkutano ulipokwisha alimfuata Bi. Nuruana, akasimama kando mpaka wengine walipomaliza.

"Samahani, mama. Cheupe ya Likwaya ilipata ngapi?"

"Tano, kila wiki. Na ya kwako ilipata moja."

"Bonde moja tu, mama."

"Udongo hutofautiana, Mama Asumini. Hata nyumba moja huzaa watoto wasiofanana." Alisema kwa upole, akamshika bega. Alikuwa amechoka, na safari yake ilikuwa bado ndefu.

Somoe akarudi nyumbani. Angesema nini? Yeye ni wa darasa la nne. Na kusema kwamba daftari la Likwaya lina kasoro ni kusema kwamba mkwe wake hajui kutazama jani. Mtu hamkosoi mkwe hadharani. Lakini kila alipofikiri kunyamaza, aliiona Mkia wa Mbega, majani yamekunjamana kama ngumi, ikishushwa mlangoni kwa Asumini. Wangeipanda kwa furaha. Wangengoja miezi tisa. Kisha wangechimba vidole vya mgonjwa.

Kulipopambazuka alijifunga khanga, akachukua daftari lake, akateremka bondeni. Njia ile aliipita mara nyingi, lakini siku hiyo ilikuwa kama inarefushwa mbele yake. Alipofika chini alisikia mapanga yakilia juu, ta, ta, ta, akaanza kukimbia, mwanamke wa umri wake.

Alipotokea shambani watu walikuwa wamekwisha kukata zaidi ya nusu ya kitalu cha Cheupe. Wanawake wawili walikuwa wakilia wakikokota matawi kwenda motoni. Trekta lilisimama barabarani, tela limejaa pingili za Mkia wa Mbega. Somoe alitazama mimea iliyobaki. Majani mapana, ya kijani, yasiyo na doa.

Mwalimu Chitanda aliinua panga kwa shina lingine.

"Mzazi mwenzangu!" Somoe aliita, pumzi zikimwishia. "Subiri kidogo, nakuomba."

"Karibu, mzazi mwenzangu. Umekuja kutuzika?" Mwalimu alicheka bila furaha. "Leteni maji, mgeni wangu amekimbia kama mwali aliyetoroka unyago."

Mkewe alileta maji kwenye kata. Maji ya uwandani mnayajua, huchotwa mbali, na siku ile mtungi ule ulikuwa wa mwisho. Lakini kata ilijaa hadi ukingoni. Somoe alikunywa, akapata sauti.

"Mbona unaikata, nawe unaiona ni nzima?"

"Naiona nzima kwa nje. Karatasi ya Bi. Nuruana ilisema kuna ugonjwa mwingine, wa michirizi, unaojificha, majani yanapendeza na mzizi umeoza. Na barua yake ya majibu imesema tung'oe hii, tupande Mkia wa Mbega, huenda mzizi wake ndio mzima. Nani kati yetu ana macho ya kuona chini ya ardhi?"

"Na daftarini uliandika tano."

"Niliandika tano, ndiyo."

Somoe aliinamisha macho. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Nisamehe ujinga wangu, Mwalimu. Kwako wewe, tano ni ya mmea gani?"

"Swali gani hilo? Tano kati ya tano! Mtoto akikuletea tano kati ya tano utamchapa? Tano ni mmea uliofaulu, hauna hata doa. Mkia wa Mbega nimeipa moja, imefeli vibaya, naionea hata huruma."

Watu walicheka. Somoe hakucheka. Alifungua daftari lake akamwonyesha.

"Sisi Nambunda tunahesabu ugonjwa. Moja ni mzima. Tano ni ule unaokufa."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alilitazama daftari, akautazama moto, kisha tela. Panga lilimtoka mkononi likaanguka kwenye majani.

"Chimbeni mzizi mmoja," alisema kwa sauti ndogo.

Walichimba shina moja, wakavunja mzizi. Ulikuwa mweupe kama maziwa, hauna mchirizi hata mmoja. Mama mmoja akapiga yowe. Vijana wakakimbilia moto wakauzima kwa mchanga na matawi mabichi, wakiokoa mashina kwa mikono mitupu. Mwalimu mwenyewe alikwenda kusimama mbele ya trekta.

Bi. Nuruana alipofika saa nne aliwakuta wamekaa kando ya majivu. Aliposikia, aliketi chini mavumbini na gauni lake safi.

"Kosa ni langu," Mwalimu alianza.

"Hapana, baba," alisema Bi. Nuruana. "Nambunda nilikuja mwenyewe nikaeleza kwa mdomo. Huku nilituma karatasi na dereva. Niliandika moja hadi tano, sikuandika tano ni nini. Na jana mama huyu aliniuliza, nikamjibu udongo."

Hakuna aliyemtukana. Mke wa Mwalimu alimpa naye kata ya maji.

Wiki ile watu wa vijiji viwili walikaa pamoja kutengeneza kamusi ya shamba. Kila walichokipima walikipa jina moja, na chini ya jina wakaandika maana: moja ni mmea upi, tano ni upi, na mchoro wa jani pembeni kwa asiyejua kusoma. Walibishana sana. Kumbe hata mavuno ya kabla ya zile aina kumi, Likwaya walikuwa wamepima mizizi iliyomenywa, na Nambunda yenye maganda. "Basi ninyi mlikuwa mnapima maganda!" Mwalimu aliwatania. "Na nyie mlikuwa mnawaficha mbuzi chakula chao," akajibu mzee mmoja wa Nambunda. Jina la kwanza aliloandika Bi. Nuruana kwenye orodha ya watunzi lilikuwa la Somoe. Madaftari ya zamani yalifunguliwa upya, kila namba ikafuatwa kwa maana ya aliyeiandika, na hakuna namba iliyotoka kijiji kimoja kwenda kingine bila kamusi ile.

Lakini kilichoungua kilikuwa kimeungua. Kati ya mashina sitini, ishirini na manne tu ndiyo yaliyofaa mbegu. Somoe aliwaomba watu wa Nambunda, nao wakatoa nusu ya pingili zao, wakazivusha bondeni vichwani. Hata hivyo hazikutosha. Walikata pingili fupi fupi, za macho mawili mawili, na kila nyumba ya Likwaya ikapata kumi na moja. Asumini alipanda zake kumi na moja nyuma ya jiko. Miezi tisa Somoe alivuka bonde kila Ijumaa kutazama majani yale, na kila Ijumaa aliyageuza moja moja kwa hofu, akitafuta doa.

Siku ya kuchimba, Mwalimu Chitanda ndiye aliyevuta shina la kwanza. Mzizi ulitoka mnene kama mkono wa mtu mzima. Hakushangilia. Aliupangusa udongo, akamkabidhi Somoe kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akasema, "Mzazi mwenzangu, mimi nilifundisha hesabu maisha yangu yote, na sikujua hili mpaka wewe uliponiuliza."

Akawageukia watu wa Likwaya, na hayo aliyowaambia ndiyo tunayosema hadi leo, mtu anapotaka kuhukumu kwa hesabu asiyoijua maana yake: tano ya jirani huulizwa, haiinuliwi panga.