Kalunde na Pori la Magharibi

Mwenye kikohozi akohoe sasa, Walyanzi, maana habari za Kalunde hazikatizwi katikati. Ilikuwa enzi za mababu wa mababu zetu, nchi hii ilipokuwa haina jina na hapa mlipoketi pakiwa makao ya ngiri na nyati, ndipo alipofika Kalunde binti Mhoja, mjukuu wa Seni mchimba visima, Kalunde Mwangusha Miyombo, mwanamke aliyebeba ndama mmoja kila bega na kuvuka mto uliofurika huku akiwakaripia wanaume waliokuwa wakilia ng'ambo. Nyuma yake walikuja watu wachache waliokimbia ukame, pamoja na mdogo wake Masele, na ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zao zikahesabika.

Bonde lilikuwa na maji na majani tele, lakini limezungukwa pande zote na pori la mbung'o, yule inzi ambaye akimuuma ng'ombe, manyoya humsimama, machozi humtiririka, akakonda hali majani yapo mbele yake, akafa. Kalunde hakurudi nyuma. Alishika shoka lake, akaangusha miyombo tangu umande mpaka jua la utosi, na watu wakakata nyuma yake, wakachoma, wakalima mtama, na kila palipoondoka kivuli cha miti, mbung'o alihama. Ng'ombe wakanenepa. Watoto wakasahau njaa. Hapo watu walimtawaza wakasema kwamba aliyewakatia pori ndiye mtemi wao, naye akafurahi, kwa kuwa alichokitamani maishani mwake kilikuwa kimoja tu, watu wake wasihame tena.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Upande wa magharibi, ng'ambo ya pori, alitawala Lugoye, bwana wa mikuki mingi na mazizi machache, naye alipopata habari za maziwa ya Ulyanzi alituma watu wake wakapoka ng'ombe, wakaua wachungaji, wakaondoka. Walirudi mwaka uliofuata, na mwingine tena. Kalunde alipigana nao, akawatupa watu kama mtu apepetaye makapi, lakini mkono mmoja, hata uwe na nguvu namna gani, hauzibi bonde zima, na wazee wakaanza kufunga mizigo yao.

Basi Kalunde akafuata nyayo za wezi peke yake. Akaona kwamba kundi moja lilikuwa limeswagwa kupitia kaskazini, ambako shoka halikuwa limefika, na huko mizoga ilitapakaa, kwa maana mbung'o walikuwa wamewamaliza ng'ombe kabla hawajafika kwa Lugoye. Kundi lililopita magharibi lilikuwa limefika salama, mkia kwa mkia, juu ya ardhi nyeupe isiyo na mti. Kalunde alisimama pale akatazama visiki, akavitambua kimoja kimoja kuwa ni kazi ya mikono yake, akaketi juu ya kimojawapo akalia. Alikuwa amefungua mlango akadhani anajenga ukuta.

Aliporudi alitoa tamko: "Magharibi pasikatwe tena. Liacheni pori lirudi." Watu walinung'unika sana, maana nani amewahi kusikia mtemi akirudisha pori? Hata hivyo walitii, miti ikachipua kwenye visiki, ngiri wakarejea, na mbung'o wakawafuata ngiri. Watu wa Lugoye wakapoka tena, na tena, wakafikisha ngozi na mifupa, mpaka Lugoye mwenyewe akatangaza kwamba ng'ombe wa Ulyanzi wana mwenyewe asiyeonekana, na asiguse mtu. Amani ikakaa. Waliofunga mizigo wakaifungua.

Miaka ikapita, mazizi yakajaa, majani yakawa haba. Masele, mfugaji hodari na mtu mwenye haraka, akamwendea dadaye mbele ya baraza.

"Dada, mbung'o umewafanya ndugu, sisi umetufanya wageni. Ng'ombe wanalia njaa na majani yapo kule porini magharibi!"

"Mdogo wangu," akajibu Kalunde, "mbung'o si ndugu yangu. Ni jirani mwenye meno, na mwizi anamwogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Mwache alipo, nawe kaa ulipo."

Masele aliinamisha kichwa, lakini la kuambiwa halikumwingia. Kalunde aliposafiri kwenda kusuluhisha ugomvi wa chumvi, Masele aliwakusanya vijana wakalishukia pori kwa moto na mashoka. Ngiri, walipokosa pa kulala, walihamia kwenye mtama, wakalala nyuma ya mazizi, na mbung'o wakaja nao hadi milangoni. Ng'ombe walikufa. Kisha, jambo ambalo Walyanzi hawakuwahi kuliona, watu nao wakaanza kusinzia. Nyamizi, mke wa Masele, alilala akiwa ameegemea kinu, mchi ungali mkononi, wakamwamsha akacheka, akalala tena. Ugonjwa huo ndio malale. Nyamizi akafa, na mimi hapa hushindwa kumlaumu Masele, kwa kuwa nimeambiwa jinsi alivyomwita jina lake hata baada ya kaburi kufukiwa.

Baraza lilitaka Masele afukuzwe. Kalunde akasimama, na sauti yake haikupanda.

"Masele hafukuzwi. Kukata nilimfundisha mimi, ila sikumfundisha kuacha. Hamisheni mazizi hadi mashariki. Mashamba yaliyo kando ya pori ni ya ngiri tangu leo, wala asilime mtu. Mimi nitakaa katikati."

Akajenga kibanda mpakani, kati ya pori na watu, akawaswaga ngiri warudi kila walipotoka, huku miti ikiota upya. Wengi walimsihi arudi nyumbani, akakataa. Mbung'o walimuuma mwaka hata mwaka, na hatimaye yule aliyeangusha miyombo akawa anasinzia chakula kikiwa kinywani. Alipojua siku zake zimekwisha, akamwita Masele akamwambia: "Msinizike zizini kama wazikwavyo watemi wa nchi nyingine. Nizikeni ndani ya pori, na asikate mtu hata tawi kunipitisha."

Akalala, hakuamka.

Walimbeba asubuhi, Masele ametangulia bila shoka wala panga. Miiba ilikuwa imefungamana, machela ikakwama, wakaipindisha, wakaishusha, wakatambaa nayo, na Masele akaisogeza miiba kwa mikono mitupu na kifua, akisema, "Pita, dada. Pita." Wakamzika humo ndani, na walipotoka upande wa pili jua lilikuwa limeinama, naye Masele hakuwa na mahali mwilini pasipochanika. Pori likajifunga nyuma yao. Kaburi lilipo, leo hakuna ajuaye.

Tangu siku hiyo Mlyanzi hatawazwi kuwa mtemi kwa alichokikata. Huingizwa pori la magharibi mikono mitupu, na wazee humngoja upande wa pili, wakamvua nguo wakamkagua. Akitoka ngozi yake nzima, bila mkwaruzo, hawamwulizi alivunja matawi wapi wala alizungukia wapi. Humrudisha aingie tena.