Mhanga Alipoona Haya Kuuliza Tena

Ngano inabisha hodi, wanangu.

Karibu, ngano, ingia ndani.

Hapo kale, kale sana, mito ilikauka, wanyama wakaamua kuchimba kisima. Mhanga, yule mla mchwa mwenye kucha ngumu, akawa wa kushuka shimoni. Ngedere akawa wa kukaa juu na kuangalia kamba iliyofungwa kwenye kisiki, maana Mhanga haoni vizuri mchana.

Siku ya kwanza Mhanga aliivuta kamba kwa nguvu, akauliza, "Ngedere mwanangu, umeitazama?"

"Nimeitazama, mzee."

"Itazame tena."

Ngedere akaitazama tena. Mhanga akashuka, akachimba, akapanda salama.

Siku ya pili Mhanga akavuta, akauliza, akauliza tena. Safari hii Ngedere alikuta fundo limelegea. Akalikaza kimyakimya. Kisha akawageukia wanyama waliojaa pale, akasema, "Mzee huyu anauliza kama mke mwenye wivu."

Wanyama wakacheka. Mhanga akalaza masikio yake marefu, akashuka.

Siku ya tatu Mhanga akavuta, akauliza mara moja tu. Ngedere alikuwa anamenya ukwaju. "Nimeitazama," akajibu bila kugeuka.

Hakuitazama. Mchwa walikuwa wameitafuna pale kwenye kisiki. Mhanga alipofika katikati ya shimo, kamba ikakatika.

Wanyama wakamtoa akiwa amevunjika mguu. Mkewe akaja na kibuyu cha uji. Akamnywesha mumewe, kisha akamwona Ngedere anatetemeka pembeni. Akammiminia na yeye.

"Kunywa, mwanangu. Umeshtuka."

Ngedere akauweka uji chini.

"Mama, sikuitazama kamba," Ngedere akasema. "Na jana fundo lilikuwa limelegea. Nikalificha hilo, nikamcheka mzee."

Mhanga akasema, "Mimi nilitaka kukuuliza tena. Nikaona haya."

Wote waliocheka jana wakatazama chini.

Ngedere akamchotea Mhanga maji na kumtafutia kumbikumbi mpaka mguu ukapona. Lakini ulipona kombo, na kila Mhanga alipopita akichechemea, Ngedere aliinamisha kichwa.

Wanangu, kazi ya hatari hukaguliwa, kisha hukaguliwa tena. Anayeuliza mara ya pili asione haya. Haya ni ya anayemcheka.

Ngano yangu imekoma. Utamu wake chukueni, uchungu wake niachieni mimi.