Lugha Isiyofuta na Kiti cha Mwalimu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi, simu zilipokuwa zimeshazidi kuku, alikuwapo Mwamvita, mwandishi wa programu za kompyuta. Miaka ishirini kazini. Akiijua kazi, na akijua kwamba anaijua. Ugonjwa wenyewe ndio huo.

Programu yake ndiyo iliyogawa maji mjini. Ikaanza kukosea. Sehemu moja inaandika "tangi limejaa," nyingine inafuta, inaandika "tupu." Koki ya mtaa wa Bondeni ikafungwa siku tisa. Watu wakaoga kwa kikombe.

Mkurugenzi wa maji akamwita. "Bi Mwamvita, ipo lugha mpya ya kompyuta. Humo kilichoandikwa hakifutwi. Ukitaka kingine, unaandika kingine kando. Iandike programu upya kwa lugha hiyo. Siku thelathini. Ukishindwa, tutatafuta mtu mwingine."

"Nitajifunza," akasema Mwamvita, "hata nikilala na viatu."

Akanunua vitabu. Kila kimoja kinaanza: kompyuta ni nini. Akavitupa uvunguni. Mama wa watoto sita unamfundisha kubeba mimba?

Akaja Nehemia, mwenziwe wa ofisini, na daftari la kurasa thelathini aliloliandika mwenyewe alipojifunza lugha hiyo. Halikusema yale ambayo fundi anayajua. Lilisema tu yanayotofautiana na lugha ya zamani. Mwamvita akasoma, akaelewa.

Lakini kuelewa si kuweza. Akaja Rukia, jirani yake anayeijua lugha hiyo, na mazoezi arobaini. La kwanza akakosa. La pili akakosa. La kumi na mbili akakosa, akatukana.

"Tukana, shoga, lakini rudia," akasema Rukia.

Akarudia. La arobaini akapata.

Siku ya ishirini programu ikakamilika. Akaja Mzee Zuberi, mstaafu wa kazi hiyo hiyo, mtu asiyesifu hata pilau ya harusi. Akaisoma, akacheka.

"Mwanangu, lugha hii ina kisanduku kimoja cha dharura, humo tu ndimo mtu huruhusiwa kufuta. Wewe umeitia programu nzima sandukuni! Ni ile ile ya zamani, umeivika kanga mpya."

Kweli tupu. Mwanafunzi mgeni asingeujua mlango huo wa uani. Fundi aliunusa kwa mazoea.

"Zimebaki siku kumi, baba!"

"Basi usizimalize kwa kulia."

Akabomoa. Akaandika, mzee akarudisha. Akaandika, mzee akarudisha. Siku ya thelathini maji yakatoka Bondeni.

Mkurugenzi akasema: "Wapo waandishi kumi na wawili wanaopaswa kujifunza lugha hii. Nataka mwalimu mmoja, kiti ni kimoja. Bi Mwamvita, niandikie jina la aliyekufundisha wewe."

Loo, wale watatu waliposikia, wakaanza!

Nehemia: "Bila daftari langu, dada, mpaka leo ungekuwa unasoma kompyuta ni nini."

Rukia: "Daftari! Kichwa kingejua, mkono ungebaki gogo. Nani alivumilia matusi yake mara arobaini?"

Mzee Zuberi: "Mmoja kamsomesha, mmoja kamzoeza, naye akaandika takataka safi. Bondeni wangekuwa wanaoga kwa kikombe hadi leo. Nani aliiona?"

Mwamvita akaomba penseli. Mkurugenzi akampa kalamu ya wino. "Hapa pia hakuna kufuta."

Basi kalamu anayo mkononi, na watatu wale wamemkodolea macho. Nanyi mnaotafuna karanga hapo, msinitazame mimi, semeni: je, nani alistahili?