Jina Chini ya Wimbo wa Harusi

Hapo zamani, filamu zilipokuwa bado zikizungushwa kwa mashine, Unguja aliishi mtunzi wa muziki wa filamu aitwaye Vuai. Filamu tisa alikuwa amezitungia muziki, zote za huzuni. Kuliza watu alijua, kuwachangamsha, hapana.

Filamu ya kumi ilikuwa na harusi. Mwongozaji wa filamu akaukataa wimbo wa kwanza, akaukataa na wa pili.

"Vuai, hii harusi, si matanga! Ukishindwa tena, natafuta mtunzi mwingine."

Vuai akaishiwa mawazo. Akauchukua wimbo ambao dada yake Mize aliutunga kumbembelezea mwanawe, mtoto aliyefariki kabla ya kuota meno. Akaupangia fidla kumi na mbili, kanuni ya nyuzi na ngoma ya dumbaki, akaupeleka mazoezini. Ilikuwa Ramadhani, alasiri. Okestra ikapiga huku ikitazama filamu ukutani. Ikapiga polepole, na mwongozaji akatikisa kichwa.

Kombo, mwendesha mashine, aliona futari itampita. Akaongeza kasi. Waalikwa wa harusi ukutani wakaanza kukimbia. Raya, mpiga dumbaki, akaifuata miguu yao. Fidla zikamfuata Raya. Vuai akainua mkono: basi! Raya akauona mkono, akazidi kupiga.

Mwongozaji akainuka, mabega yanacheza. "Huu! Huu ndio!"

Wimbo ukapigwa harusini kisiwa kizima, na Vuai akatungia filamu nyingine ishirini. Uzeeni mwake wachapaji wakataka kuuchapa. Chini ya anwani ya wimbo, wakasema, pana nafasi ya jina moja tu la mtu wa kushukuriwa.

Vuai akawaita Mize, Kombo na Raya.

"Andika Kombo," akasema Kombo. "Bila njaa yangu, Bwana Vuai, mngekuwa mnaliza watu mpaka leo."

"Njaa yako ilitaka uji, haikutaka muziki," Raya akamkata. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulitaka kuuzima. Ningekutii, wimbo ungekufa palepale."

Vuai akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

Mize akamgeukia Vuai.

"Mdogo wangu, hukuniomba ulipouchukua, nami sikukugombeza. Watu wanaucheza, nafurahi. Ila mwanangu hakuacha kitu duniani zaidi ya wimbo huu."

Vuai akashika kalamu, akaitua, akaishika tena.

Haya, nyie mnaosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?