Nani Alimteremsha Bibi Mwantumu?

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi yangu haina jini wala sultani. Ina bibi mmoja, wajukuu watatu na magari matatu, na mwisho wake nitawaachia nyinyi, maana mimi umenishinda.

Bibi Mwantumu aliishi Lushoto, juu mlimani. Alilea wajukuu watatu waliofiwa na mama yao wakiwa wadogo. Walipokua wakahamia Tanga kikazi, kila mmoja akanunua gari, na kila gari likafanana na mwenyewe.

Singano, mkubwa wao, alikuwa mtu wa kupima. Alikwenda kununua gari na futi ya fundi mfukoni, akachagua gari refu la familia, lile ambalo ukilaza viti vya nyuma sakafu inanyooka mpaka mlangoni. Hakuuliza linakimbia kiasi gani. Aliuliza linameza magunia mangapi.

Mbelwa, wa kati, alikuwa mtu wa vitufe. Gari lake lilikuwa fupi, mlango wa nyuma unainuka juu, na lilikuwa na kamera kila upande. Mbele lilikuwa na kifaa kinachohisi vitu njiani. Kikihisi kinalia, na dereva akizubaa kinafunga breki chenyewe. Bibi alipolipanda mara ya kwanza, sauti ikamwambia afunge mkanda. Akaiitikia kwa adabu, "Haya mwanangu, nafunga."

Mwajabu, kitindamimba wa kike, hakujali magunia wala vitufe. Gari lake nalo lilikuwa fupi, la gia za mkono, na alipenda kuliendesha kama wengine wanavyopenda kuimba. Kona za kupanda kutoka Mombo, ambazo huwatapisha wageni, yeye zilimchekesha. Akifika juu alitamani kushuka azianze upya.

Basi mwezi wa sita Bibi aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani kwa gari la kukodi lililomrusharusha, na njia nzima alilia kwa maumivu. Tangu hapo akasema hapandi tena gari. Wajukuu walimbembeleza ahamie Tanga, kila mmoja akimvutia kwake. Akawakatalia wote. Aliwapenda sawasawa, na aliogopa kwamba akimchagua mmoja atawavunja moyo wawili.

Lakini kulikuwa na harusi Korogwe. Salha, mjukuu wa dada yake, alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao bibi harusi hatoki chumbani mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote amfunge kanga mabegani kwa mikono yake. Salha akatuma ujumbe: Bibi asipofika, yeye hatoki. Bibi akaona amebanwa. Akawaita wajukuu wake, akawaambia neno alilodhani litawanyamazisha.

"Atakayenifikisha Korogwe bila kunitoa chozi la maumivu, nitahamia kwake nimalizie siku zangu. Asipopatikana, msiniulize tena."

Hakudhani kama yupo atakayeweza. Wao wakatazamana, wakatoka nje kushauriana.

Siku ya harusi ukungu ulikuwa umeufunika mlima. Bibi naye akaongeza mzigo: yeye kushuka bondeni mikono mitupu ni aibu asiyoiweza, kwa hiyo kabichi, karoti na peasi zake lazima ziende. Majirani walinong'ona kwamba huyu mzee anatafuta kisingizio, na kweli alikuwa anakitafuta. Singano hakubisha. Alilaza viti, akatandika godoro, akalipima, kisha akapanga magunia ya kabichi kulia na kushoto, karoti miguuni, na peasi akazisokomeza kwenye mapengo. Bibi alipolazwa pale katikati hakuweza kuteleza hata kidogo. Mizigo aliyoitaka iwe kikwazo ikawa mito yake.

"Mume wangu," Bibi akamtania, "umenifungasha kama peasi za sokoni."

Singano alijua kupanga, ila kona zilimtoa jasho. Akampa Mwajabu funguo za gari refu, naye akafuata nyuma katika kile kigari cha dada yake, magoti yakigusa usukani. Mbelwa alitangulia. Simu zao zilikuwa wazi njia yote, sauti ya Mbelwa ikisikika ndani ya gari la Bibi akitaja kila kitu ambacho gari lake limekihisi kwenye ukungu: pikipiki inapanda, ng'ombe wawili kushoto, kona kali inakuja.

Walipofika katikati ya mlima akasema, taratibu kabisa, "Mwajabu, simama. Kuna lori kwenye kona. Mimi sikuliona, gari ndilo lililofunga breki."

Lori lilikuwa la mbao, limeharibika, limelala upande wao wa barabara. Dereva wake alikuwa ametandika matawi mabichi nyuma yake kuonya wenzake, kama inavyofanywa, lakini mbuzi wa jirani walikuwa wameyatafuna yote, vikabaki vijiti. Kama gari la Mbelwa lisingelihisi lori lile, leo tungekuwa na habari nyingine.

Mwajabu alisimama polepole mpaka Bibi hakujua kama wamesimama. Nafasi iliyobaki kati ya lori na mtaro ilikuwa finyu, na ukingo wa mtaro ulikuwa umemong'onyolewa na mvua. Mwajabu akashusha pumzi, akaingia kwa gia ndogo, akalipitisha gari lile refu pembeni bila kulitikisa. Baada ya hapo alizifuata kona zilizobaki kwa mwendo mmoja laini, akiimba kidogo kidogo bila kujijua. Bibi, chali juu ya godoro, alijihisi kama mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko. Alianza kucheka. Hakuwa amecheka tangu alipoanguka.

"Mke mwenzangu," aliita, "kumbe ndiyo raha unayoifuata huku?"

"Ndiyo hii, Bibi."

Walifika Korogwe kabla ya adhuhuri. Bibi akabebwa na godoro lake hadi chumbani, akamfunga Salha kanga, na machozi yakamtiririka. Singano alishtuka akamuuliza kama nyonga inamuuma. Bibi akasema haya si ya nyonga, akaendelea kulia kwa furaha.

Akabaki hapo Korogwe kuuguzwa, na wiki ya tatu daktari akamruhusu kutembea kwa magongo. Jumamosi asubuhi wajukuu wakaja na magari yao. Bibi akawaomba kila mmoja aseme la moyoni, ila asimseme mwenzake.

Singano akasema amekwisha pima nyumba yake: mlango umepanuliwa, ngazi imeondolewa, na bafuni kuna chuma cha kushika. "Kwangu hutajikwaa tena, Bibi. Na nisingekupanga vile, kona ya kwanza tu ungelia."

Mbelwa akasema anaogopa siku Bibi atakapoanguka akiwa peke yake. Kwake atavaa saa itakayompigia simu hata akiwa kazini. "Nilikulinda njia yote kwenye ukungu. Nataka niendelee kukulinda."

Mwajabu akawa wa mwisho. Chumba chake ni kimoja, hana chuma cha bafuni wala saa ya kupiga simu. "Mimi nitakutembeza," akasema. "Kila Jumamosi, popote utakapo. Nilikusikia ukicheka, Bibi, na sijasikia tena tangu siku ile."

Bibi aliinamisha uso. Alijua hakubakiwa na miaka mingi. Alitaka kuishi bila kujikwaa, alitaka kulindwa, na alitaka kucheka, na neno lake alikwisha kulitoa mbele yao wote watatu.

Sasa yuko barazani, ameshika magongo yake mawili. Magari matatu yamepangwa uani, na kila moja mlango wake wa mbele uko wazi. Wajukuu wamesimama kila mmoja kwenye mlango wake, hakuna anayethubutu kumtazama usoni. Bibi ameshuka barazani, ameanza kutembea.

Haya, wenzangu, mwenye haki ni yupi kati ya hawa watatu? Na ingekuwa miguu ile ni yako, ungeelekea mlango upi?