Gauni Lenye Karatasi Shingoni

Kisa hiki nilisimuliwa na Mkasi mwenyewe, wiki mbili baada ya harusi, asubuhi aliyoniletea sketi ya shule ya mjukuu wangu akakaa jikoni kusubiri chai ipoe. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, ile changa isiyotoa tui. Mkasi aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila kujua ni kitu kimoja na kuonja ni kingine.

Mkasi ni jina la utani. Kazi yake ni kukata vitambaa katika karakana ya sare, na hawezi kupita mbele ya nguo asiigeuze ndani akague mshono. Alikuwa na wenzake wawili, wakawa kama mafiga matatu. Mmoja ni Mama Pasi, aliyenyoosha sare hizo miaka kumi na minane hadi miguu ikavimba. Wa pili ni Kifungo, msichana wa kushona vifungo, mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake.

Mama Pasi alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi iliyokuwa ikifuata. Mkasi alijitolea kumkatia gauni, naye akakataa kwa upole.

"Mdogo wangu, tangu nizaliwe navaa vya kushonewa na vya kurithi. Hili moja nataka nilikute limetundikwa dukani, lina karatasi ya bei shingoni."

Basi Jumamosi ya kabla ya harusi wakaingia mjini watatu hao, mchana wanunue, jioni wasikilize muziki ukumbini, walale nyumba ya wageni, Jumapili warudi.

Duka la kwanza tu, wakalikuta gauni la buluu. Lilimkaa Mama Pasi kana kwamba alizaliwa nalo. Alijitazama kwenye kioo, akashika shingo yake, asiseme neno. Kifungo akasema siku ya harusi wageni watauliza bibi harusi ni yupi.

Mkasi akainama, akageuza pindo. Nyuzi zilining'inia, na mshono ulikwenda upogo kama siafu aliyepotezana na wenzake.

"Dada, huwezi kusimama mbele ya wakwe na pindo kama hili. Mji mkubwa huu, twende mbele."

Mama Pasi alilivua polepole, kama mtu anayemlaza mtoto asije akaamka.

Duka la pili, bitana ilikuwa fupi. La tatu, zipu iling'ata kitambaa. La nne, maua ya kitambaa hayakukutana ubavuni, na muuzaji akamuuliza Mkasi kama amekuja kununua au kukagua. Kifungo akanong'ona kwamba wakiendelea hivyo watamfunika mama wa bibi harusi shuka. Mama Pasi hakucheka. Katika kila duka alitafuta pa kukaa, akisugua vifundo vya miguu.

Maduka yalipoanza kufungwa wakarudi mbio kwenye lile la kwanza. Wakakuta kitundikio kitupu. Gauni la buluu lilikuwa limeondoka tangu saa nane. Duka moja tu lilikuwa bado nusu wazi, nalo lilikuwa na gauni la kijani lililoenea mabegani lakini likagoma mbavuni. Nafasi nyingine ya kuja mjini haikuwapo. Mama Pasi akalilipia.

"Litanitosha," alisema. "Nitapumua kidogo kidogo."

Neno hilo lilimchoma Mkasi kuliko sindano.

Walipofika chumbani, akaligeuza gauni ndani ili alipanue. Hapakuwa na cha kupanulia. Aliyelishona aliacha kitambaa cha ziada upana wa ukucha tu mshononi. Mkasi akautoa mkobani mtandio wake wa hariri, kitu pekee katika mji mzima ambacho hakukikuta na dosari, akaukata vipande viwili virefu vya kutia ubavuni.

"Nendeni kwenye muziki," alisema. "Mimi nina kesi na hili gauni."

Hakuna aliyekwenda. Kifungo alitunga uzi, Mama Pasi akaazima pasi mapokezi. Ngoma za ukumbini ziliwafikia kupitia dirishani, na Kifungo akasema kumbe muziki wa bure hauna foleni.

"Nisamehe, dada," Mkasi alisema bila kuinua macho. "Lile la buluu lilikuwa lako."

"Lilikuwa langu." Mama Pasi hakumficha. "Lakini na mimi nina mdomo. Ningesema nimelipenda."

Alipolivaa akavuta pumzi hadi tumboni, kisha akapapasa shingoni. Karatasi ya bei ilikuwapo bado. Mkasi alikuwa ameilinda kama yai.

Mama Pasi alilala wa kwanza, miguu juu ya mto. Kifungo akafuata, wimbo haujaisha. Mkasi akabaki akilitazama gauni lililotundikwa dirishani, na hapo akauona mshono wake mwenyewe, chini ya kwapa la kushoto, umekwenda upogo. Mkono ukanyanyuka ukaufumue. Akaurudisha, akaulalia shavu, akafumba macho, na usingizi ukamchukua na maneno yale mdomoni: mchagua nazi hupata koroma.